Ukuta ulioporomokea mlangoni: kisa cha mji mmoja wa mawe pwani ya Kenya

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kilitokea katika magofu ya mji mdogo wa kale wa Waswahili, pwani ya Kenya, kaskazini ya Mombasa. Jina la mji nimeliacha, na la kijiji jirani, na ya watu na ofisi zote zilizohusika. Vipimo nimevitaja kwa makadirio, na mwaka sikuutaja, asije mtu akanyooshewa kidole. Mimi nilikuwa msimamizi wa kazi ya mawe. Makosa mawili makubwa kati ya nitakayoyaeleza ni yangu, na ninayaweka wazi kwa kuwa yanaweza kumwepusha fundi mwingine na hasara ile ile. Kuta hizi haziongezeki. Kila masika zinapungua.

Mji na ukuta wake

Anayetaka kuielewa miji hii aanzie Gede, karibu na Malindi, kwani pale mambo mengi bado yanaonekana kwa macho. Gede ulianza kujengwa karne ya 12 hivi, ukastawi karne ya 15, na ilipofika karne ya 17 wenyewe walikuwa wameuhama. Ulizungushiwa kuta mbili. Ukuta wa nje, wa karne ya 15, ulizunguka ekari kama 45. Wa ndani ulijengwa karne ya 16, ukakizingira kitovu cha mji: msikiti mkuu, kasri na nyumba za mawe. Baina ya kuta hizo waliishi watu wa nyumba za udongo na makuti, nyumba ambazo hazikuacha gofu la kumsimamisha mgeni. Kaburi moja pale limeandikwa mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399. Serikali ya kikoloni iliutangaza Gede kuwa mahali pa kihistoria mwaka 1927, mwanaakiolojia James Kirkman akaanza kuuchimba 1948, na mwaka 2024 ukaingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO.

Mji wa kisa hiki ni ndugu mdogo wa Gede. Una ukuta mmoja, msikiti wa Ijumaa uliobakiwa na kibla na nguzo chache, visima vitatu, nyumba za mawe zisizofika ishirini, na kaburi lenye mnara ambalo watu wa kijiji hulizuru hadi leo. Udongo wake unatoa vitu vile vile vinavyotoka Gede, Takwa ya Lamu na Songo Mnara ya kusini mwa Tanzania: vigae vya bakuli za Kichina, shanga, vipande vya vyungu vya wenyeji. Vitu vya mbali vilifika kwa pepo za msimu, vikaishia kwenye mji ambao leo unauzunguka kwa miguu kabla chai haijapoa.

Mgeni akisikia neno "ngome" hufikiria minara na njia ya askari juu ya ukuta. Ukuta wetu hauna hayo. Unene wake haufiki nusu mita, na pale ulipobaki na kimo chake chote unamzidi mtu mrefu kwa mikono miwili. Jeshi lenye mizinga usingelizuia. Ungezuia wavamizi wa usiku, fisi na chui, na ungemlazimisha kila anayeingia apite mlangoni, ajulikane ni nani na amebeba nini. Kwa maoni yangu kazi hiyo ya pili ndiyo ilikuwa kubwa zaidi siku nyingi za uhai wa mji. Kisha nyakati zikaharibika. Mwaka 1505 Wareno waliipora Kilwa na Mombasa. Mwaka 1593 walianza kujenga Ngome ya Yesu na kuhamia Mombasa, na Malindi na majirani zake wakabaki pembezoni mwa biashara. Kulikuwa na vita kutoka bara, na kulikuwa na maji: kisima cha msikiti mkuu wa Gede kilibidi kichimbwe chini zaidi, dalili kwamba maji yalikuwa yakikimbia. Mji mdogo ukibanwa hivyo huhama, na ukuta hubaki peke yake.

Ujenzi wake nitaueleza kidogo, maana kisa chote kimesimama hapo. Ukuta una ngozi mbili za mawe ya matumbawe, ya nje na ya ndani, na katikati umeshindiliwa vipande vidogo, udongo mwekundu na chokaa. Juu yake hupigwa lipu ya chokaa. Tumbawe lina matundu, na chokaa nayo ina matundu madogo zaidi. Mvua ikinyesha ukuta hunywa. Jua likitoka, maji hurudi nje kupitia lipu. Lipu ndiyo huumia. Humomonyoka, hupigwa nyingine baada ya miaka, na mawe yaliyo nyuma yake hubaki salama. Wazee walijenga hivyo kwa makusudi, wakijua kwamba lipu ni nguo na nguo hubadilishwa.

Ukuta ulivyoanguka

Usiku mmoja wa wiki ya tatu ya Mei, mvua ikiwa imenyesha siku nne mfululizo, kipande cha ukuta wa kaskazini kiliporomoka. Mlinzi alisikia kishindo akadhani ni mnazi.

Nilifika saa mbili asubuhi. Pengo lilikuwa na upana wa mita moja na nusu hivi. Upande wa nje, ganda la saruji lilikuwa limelala juu ya majani likiwa zima kama ubao. Nyuma yake, ndani ya ukuta, udongo ulikuwa umelowa hadi kuwa uji, na kwenye mawe kulikuwa na unga mweupe. Nikaugusa na kuuonja: chumvi.

Ganda lile lilipigwa miaka kadhaa kabla, na mradi mwingine, kwa nia njema kabisa. Waliona lipu ya kale inabanduka wakatafuta kitu kigumu. Simiti ni ngumu kweli, na hapo ndipo tatizo lilipo. Maji yaliendelea kuingia kwa juu na kupanda kutoka ardhini, lakini upande wa nje yakakuta mlango umefungwa. Yalipotafuta njia, chumvi ya bahari iliyomo ndani yake iligandia nyuma ya ganda, fuwele juu ya fuwele, ikasukuma. Mlinzi alituambia baadaye kwamba ukuta pale ulikuwa "umefura" tangu msimu uliopita. Hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Nikapiga picha, nikapima, nikachora. Kwenye mchoro wangu wa asubuhi ile nimeandika: "kingo za pengo zimenyooka." Kwa kawaida ukuta wa vipande ukianguka huacha kingo za meno meno, kama mkate uliomegwa. Hizi zilisimama wima kama zimewekwa kwa timazi. Niliandika maneno hayo kisha nikafunga daftari. Hilo ndilo kosa langu la kwanza: niliona jambo geni, nikalirekodi, sikuliuliza swali.

Kikao cha kwanza na haraka ya Juni

Tulikutana baada ya siku tatu: watu wa ofisi inayosimamia eneo, mkandarasi, mtaalamu wa mambo ya kale, mwenyekiti wa kijiji na mimi. Mezani kulikuwa na njia tatu.

Mkandarasi alitaka kujenga kwa saruji na kokoto, kisha kupaka chokaa juu ili ilingane na rangi. Siku kumi, kazi imekwisha. Mtaalamu alitaka tusijenge chochote: tuegemeze kingo kwa miti, tufunike kwa makuti, tungoje mvua ipite na msingi uchunguzwe. Mimi nilipendekeza njia ya katikati, kujenga upya kwa mawe yale yale na chokaa, tuanze mara moja.

Yangu ikakubaliwa, na sababu kubwa haikuwa ubora wake. Mwaka wa fedha wa serikali hufungwa Juni 30. Fedha za dharura zilikuwepo, na zisipotumika zingerudi. Pendekezo la mtaalamu lilionekana kama kukaa bure. La mkandarasi lilikuwa limeshatuangusha mara moja. Langu likabaki kuwa la heshima ambalo lingeweza kumalizika kabla ya tarehe. Mwenyekiti wa kijiji alikaa kimya kikao chote. Nilikichukua kimya kile kuwa kukubali.

Chokaa tukainunua kwa mchomaji wa karibu. Ilipaswa kulowekwa shimoni miezi. Tuliiloweka siku tisa. Fundi mkubwa wa kikosi, mzee aliyejifunza kazi kwa baba yake, alichota kidogo kwa kidole, akakisugua na kidole gumba, akasema, "Chokaa hii bado ina moto." Nikamwambia tutaichuja vizuri. Tukaanza kuimarisha kingo, tukapiga lipu kipande cha majaribio upande wa ndani.

Juma la pili la Juni mvua ilikatika na kusi ikavuma kavu siku kadhaa. Lipu ikapasuka kama kitako cha bwawa lililokauka. Kisha yakaanza matundu: vidonge vidogo vya chokaa ambavyo maji hayakuvifikia shimoni vilikuwa vikifura ndani ya lipu na kuirusha nje, kimoja kimoja, kila kimoja kikiacha shimo la ukubwa wa punje ya mtama. Yule mzee hakusema neno. Alichukua mwiko akaanza kuibandua mwenyewe.

Mawe yaliyopotea, na bibi aliyeuliza

Wakati huo huo tuligundua jambo jingine. Mawe yaliyoanguka tulikuwa tumeyaacha kwenye rundo, na karibu nusu yake hayakuwepo. Mkandarasi alitaka polisi, na sheria ilikuwa upande wake, kwani Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006 inalinda mahali kama hapa. Hapo mwenyekiti alizungumza kwa mara ya kwanza. Alisema tumpe mpaka Ijumaa.

Ijumaa baada ya sala, imamu aliwaeleza watu kwamba mawe ya mji wa wazee yanahitajika nyumbani kwao. Hakumtaja mtu. Jioni yake vijana wakaanza kuyaleta kwa mikokoteni. Mawe mengine yalikuwa yameshakuwa mafiga, yana masizi upande mmoja. Moja lilitoka kwenye ukingo wa kisima cha mtu, na mwenyewe alilileta pamoja na mwanawe, akatuomba radhi. Tulimshukuru kwa dhati, kwa kuwa lile lilikuwa jiwe lililochongwa kwa ustadi, lina uso laini na pembe kali, tofauti na mengine yote. Nikajiuliza jiwe zuri namna ile lilikuwa linafanya nini kwenye ukuta wa vipande.

Nyuma ya mikokoteni alikuja bibi mmoja na fimbo yake. Alikaa juu ya rundo akatutazama kwa muda mrefu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mnaziba?"

"Tunaujenga ukuta kama ulivyokuwa."

"Ulivyokuwa lini?"

Sikuwa na jibu. Akatueleza. Tangu utotoni mwake, na kabla yake mama yake, wanawake wa kijiji walipita pale pale. Ukuta ulikuwa umebomoka sehemu ya juu, ukabaki mahali pa kuvuka kwa kuinua mguu. Walipita na ubani na maji ya waridi kwenda kuzuru kaburi lenye mnara, na wakati wa ukame walipita na ndoo kwenda kisima cha ndani, ambacho maji yake ni matamu kuliko ya kijijini. Mradi wa saruji ulipokuja ukapaziba mpaka juu. Kuanzia hapo ikawabidi wazunguke hadi lango la wageni, na pale kuna siku waliulizwa tiketi. Tiketi ya kwenda kumsomea Fatiha mzee wao. "Hatukugombana na mtu," alisema. "Tuliacha kuja tu."

Jioni ile nilifungua daftari langu nikasoma: kingo za pengo zimenyooka.

Mlango chini ya pengo

Asubuhi nilimwomba mtaalamu tusimamishe ujenzi na tusafishe sakafu ya pengo. Akafanya kwa brashi na mwiko mdogo, siku mbili. Kwenye kina cha kiganja na nusu akakuta jiwe refu limelala kutoka kingo hadi kingo. Lilikuwa kizingiti. Katikati limelika, limebonyea kama mto wa kulalia ambao mtu ameinuka juu yake sasa hivi. Ukipitisha mkono juu yake unahisi ulaini wa nyayo.

Baada ya hapo kila kitu kikapata mahali pake. Kingo zilizonyooka zilikuwa miimo ya mlango, imejengwa kwa mawe yaliyochongwa, na jiwe la kisimani lilikuwa moja ya mawe ya mwimo wa magharibi. Huu ulikuwa mlango mdogo wa mji, wa watu wa miguu. Wakati fulani ukazibwa kwa mawe ovyo, udongo mwingi na chokaa kidogo. Ndani ya ziba lile, yaani mawe yaliyojaza mlango, kulikuwa na kigae cha bakuli la Kichina la buluu na nyeupe, kilichotupwa humo kama kokoto, na kilitosha kutuonyesha kwamba mlango ulizibwa mji ukiwa tayari na umri. Aliyeuziba alikuwa na haraka. Hakulishonesha ziba na miimo. Hakuna jiwe hata moja lililopita kutoka huku kwenda kule. Kwa hiyo ziba lile lilisimama kama kizibo kwenye chupa, na chumvi ilipolisukuma, likatoka lote kwa upana wake kamili.

Nimeshawahi kuona milango iliyozibwa kwenye miji mingine ya pwani hii. Sijawahi kuona ambayo watu walikuwa bado wanaitumia. Mlango ulizibwa mamia ya miaka iliyopita, mji ukahamwa, ziba likabomoka juu, na njia ya miguu ikarudi mahali pake.

Uamuzi wa pili

Sasa tulikuwa na swali gumu kuliko la mwanzo. Tulirudishe ziba, tuache wazi, au tujenge mlango kamili?

Wapo waliotaka ukuta mzima usio na pengo, na hoja yao ilikuwa na nguvu: ziba nalo ni historia. Mkataba wa Venice wa 1964, ambao ndio kiongozi cha kazi hizi, unasema mchango halali wa kila kipindi katika jengo uheshimiwe. Watu waliouziba mlango ule kwa haraka walikuwa na hofu ya kitu, na hofu yao ni sehemu ya habari za mji. Wengine walitaka mlango wenye tao, kwa kuwa ungependeza. Hao tuliwajibu kwa mkataba huo huo: kurudishia jengo hukoma pale kukisia kunapoanza. Hatukujua juu ya miimo kulikuwa na tao au boriti ya mkoko, wala kimo chake.

Tuliamua tuache wazi. Miimo iimarishwe kwa kimo ilichobakia, kizingiti kibaki pale kilipo, na mawe ya ziba yatiwe namba na kuhifadhiwa bandani pamoja na mchoro wa mahali pa kila moja lililojulikana. Sababu ya kwanza ilikuwa ya kifundi: ziba lisiloshonana lingeanguka tena, na kulishonesha kungetulazimu kuvunja miimo, ambayo ni ya zamani kuliko lenyewe. Sababu ya pili ilikuwa bibi. Watu wa Shela, Lamu, hadi leo huvuka kwenda Takwa, mji uliohamwa karne ya 17, kuomba mvua kwenye kaburi lenye nguzo. Hakuna anayewaambia kwamba Takwa ni gofu na wao ni wageni. Watu wa kijiji chetu walikuwa na haki hiyo hiyo, na sisi tuliiziba kwa simiti.

Uamuzi huu ulikuwa na gharama. Fedha zilizobaki zilirudi Juni 30. Ofisi haikufurahi, na mimi niliandika barua tatu kujieleza. Tulifunika miimo kwa makuti, tukachimba shimo jipya la chokaa kivulini, na tukangoja.

Kazi yenyewe

Chokaa ilikaa shimoni miezi saba, chini ya maji ya kimo cha kiganja, ikikorogwa kila wiki. Januari ilipotolewa ilikuwa laini kama samli iliyoganda. Yule fundi mzee aliisugua tena kwa kidole gumba, akanitazama, akatikisa kichwa kukubali. Tulichanganya na mchanga wa mtoni uliooshwa, maana wa ufuoni una chumvi, na udongo mwekundu uliochekechwa kwa ajili ya kiini cha ukuta.

Januari ni kaskazi, jua kali na upepo. Chokaa haiwi ngumu kwa kukauka. Inakuwa ngumu kwa kunyonya hewa ya ukaa taratibu ikiwa bado na unyevu, hadi inarudi kuwa jiwe kama ilivyokuwa kabla ya tanuu. Ikikauka mapema, inabaki unga. Kwa hiyo tulitundika magunia yaliyolowa juu ya kila sehemu iliyojengwa, kivuli cha makuti juu yake, na vijana wawili wa kijiji wakayamwagia maji asubuhi na alasiri kwa wiki sita. Ukiniuliza ni kazi gani iliyouokoa ukuta ule, nitakuambia ni ya vijana hao, na ndiyo ambayo haikuwa na fungu lolote kwenye bajeti ya mwanzo.

Ganda la saruji tuliliondoa pande zote mbili za miimo kwa patasi ndogo, hatua kwa hatua. Upande wa magharibi lilitoka. Upande wa mashariki lilikuwa limeng'ang'ania mawe kiasi kwamba kila pigo lilimega tumbawe. Baada ya kupoteza kipande cha ukubwa wa ngumi, nilisimamisha kazi. Saruji iliyobaki pale ipo hadi leo.

Matokeo baada ya masika mawili

Mwimo wa magharibi umesimama vizuri. Lipu yake ina nyufa mbili za unywele ambazo hazijaongezeka. Mwimo wa mashariki una mstari mweupe kwenye kimo cha goti, palepale saruji iliyobaki inapokomea. Chumvi imehamisha kazi yake hapo.

Njia inatumika. Ofisi ilikubali kwa maandishi kwamba watu wa kijiji wapite mlango mdogo bila tiketi, nao wakajitolea kufagia kaburi na njia. Wageni siku hizi hupelekwa pale makusudi, wakaonyeshwa kizingiti kilicholika, na wengi huinama kukigusa. Mawe hayajapotea tena.

Lakini mbuzi wameingia. Pengo lililo wazi kwa bibi liko wazi kwa mbuzi pia, na mwaka wa kwanza walipanda juu ya ukuta wa msikiti wakaangusha mawe ya juu. Tuliweka kizuizi cha fito za mikoko, chenye bawaba za kamba, kisichogusa miimo. Watoto hukiacha wazi. Mlinzi hukifunga. Ndivyo tunavyoenda nalo.

Uchambuzi

Kilichofaulu zaidi ni kusimama. Kusimamisha kazi katikati, fedha zikiwa mkononi na tarehe ikikaribia, ndicho kitendo kigumu kuliko vyote tulivyofanya, na bila hicho kizingiti kingekuwa chini ya ukuta. Nakiri kwamba tulisimama kwa sababu lipu ilishindwa na kwa sababu bibi alikuja. Lipu ingeshika, na bibi angeugua wiki ile, mlango ungezibwa mara ya tatu na mimi ningeandika ripoti nzuri.

Mawe yaliyoibwa yalirudi kwa sababu hayakuitwa yameibwa. Polisi wangepata mawe matatu au manne na kutupotezea kijiji kizima. Imamu na mwenyekiti walipata karibu yote, wakatupa pia habari ambazo hazimo kwenye ripoti yoyote ya uchimbaji. Katika kazi zilizofuata nimeanza na siku mbili za kuuliza kabla ya kupima: nani anapita wapi, anabeba nini, na alianza lini kuacha kupita. Swali la mwisho ndilo linalotoa mengi.

Kilichoshindwa ni ratiba, na hapa sitaki kulaumu ofisi peke yake. Nilijua chokaa inataka miezi. Nilikubali siku tisa kwa kuwa nilitaka kuonekana ninayeweza. Kalenda ya fedha na kalenda ya chokaa hazikutani, na msimamizi anayejifanya zinakutana hulipa kwa mawe yasiyo yake. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ziliwekwa kwenye orodha ya UNESCO ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, zikatolewa 2014: miaka 10 ya kazi kwa miji miwili. Eneo lolote lenye kuta za chokaa lingefaa kuwa na shimo lake la chokaa lililojaa wakati wote, ukuta uwe umeanguka au haujaanguka. Gharama yake ni ndogo: kuni za tanuu, maji, na mtu wa kukoroga. Sisi sasa tunalo.

Jambo la saruji ningependa mafundi wenzangu walisome mara mbili. Aliyepiga ganda lile hakuwa mzembe. Alitumia kitu kigumu kulinda kitu laini, na kwa nyumba ya tofali angekuwa sahihi. Ukuta wa matumbawe unaishi kwa kupitisha maji. Kuliondoa ganda baadaye ni hatari karibu sawa na kuliacha, na mwimo wetu wa mashariki ni ushahidi. Sina hakika kwamba nilikosea kusimama pale, wala kwamba nilipatia. Mpango wa sasa ni kuipunguza saruji kwa vidole vichache kila kaskazi, chini ya mstari wa chumvi, na kuweka lipu laini ya chokaa pale ili chumvi itokee humo badala ya kwenye jiwe. Lipu hiyo itaharibika na itabidi ipigwe tena kila baada ya misimu michache.

Fundi mzee amestaafu. Mmoja wa wale vijana wa magunia ndiye anayekoroga shimo sasa, kila Jumamosi, na mwezi uliopita alinipigia simu kuuliza kwa nini maji ya juu yamekuwa na utando mwembamba kama barafu. Nilimwambia asiuvunje, ni chokaa inayokutana na hewa, na kilicho chini yake kiko salama.